Siku Nilipomtoa Papa Mstarini

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alipoleta mchumba nyumbani, tulitegemea mtu wa bandarini, au mwalimu, au hata fundi wa redio, mtu ambaye kazi yake unaweza kuiona ukipita barabarani. Akaleta Asistan. Tulimwita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha mlangoni, kabla ya jina na kabla ya salamu: yeye ni asistan, mhadhiri msaidizi, katika chuo kikuu huko Lubumbashi, upande wa fizikia. Alikuwa amevaa koti nene la suti mchana, saa ambazo hapa Kalemie hata mbuzi wanagombania ukuta wenye kivuli. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi, lakini koti halikuvuliwa. Nadhani alifikiri akilivua, elimu nayo itabaki kwenye msumari.

Papa yetu, baba mzazi, alikuwa mkuu wa stesheni ndogo kwenye reli ya kwenda Kabalo. Alistaafu zamani. Yeye alitoka stesheni, lakini stesheni haijatoka kwake. Nyumbani ana kofia yake, ana filimbi yake, na ana kiti chake cha mbao ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Chakula kikiwa tayari, anapiga filimbi. Mgeni akikaa mno, anapiga filimbi. Mama anasema hata siku ya kunizaa mimi Papa alipiga filimbi nje ya mlango wa maternite, nami nikatoka nikipiga kelele, na tangu hapo sijasema neno lingine la maana. Mama huyasema hayo mbele ya watu. Mimi huangalia vidole vya miguu yangu.

"Kazi yako njo gani?" Papa alimuuliza Asistan.

"Papa, mimi ninafanya utafiti juu ya matembezi ya kwanta."

"Matembezi."

"Ndiyo, Papa. Tunayatumia kuiga mwendo wa chembe ndogo sana, zile zinazokwenda kasi karibu sawa na mwanga."

Papa alimgeukia yaya. "Huyu wanamulipa juu ya kutembea?"

"Papa, si kutembea kwa miguu," yaya akasema.

"Kuna kutembea kwa nini kingine? Kwa masikio?"

Asistan alifungua kompyuta yake. Kwenye kioo kulikuwa na mstari, na juu ya mstari vilima viwili vya rangi, kimoja huku na kimoja kule, na katikati bonde. Vilima vikawa vinaachana polepole. Alisema hiyo ndiyo chembe, ikitembea. Papa aliinama, akatazama, akainuka.

"Hii njo televizyo," alisema. "Kwenye televizyo nimeona muntu anaruka juu ya nyumba bila mabawa. Aliruka kweli?"

Hapo Papa akatoa hukumu yake. Siku ya Mungu ifuatayo, baada ya misa, Asistan aje aonyeshe kazi yake ndani ya parsele yetu, uani kwetu, kwenye udongo wetu, bila kioo, mbele ya majirani. Papa akielewa, watazungumza juu ya binti. Asipoelewa, Asistan atarudi Lubumbashi kutembea peke yake.

Yaya alikwenda jikoni asipigwe macho na mtu. Alikuwa amemngoja mwanaume huyu miaka mingi, mpaka majirani wakaacha kumuuliza arusi ni lini, wakaanza kumuuliza kama bado anajisikia vizuri. Nilimkuta anasonga bukari, ugali wetu, kwa nguvu kana kwamba bukari ndiyo iliyokataa.

"Kama ataongea na Papa vile anaongea na mimi," alisema, "nimekwisha."

*

Wiki ile Asistan alikuja kila siku alasiri. Alisema anataka kujaribu maelezo yake kwangu kwanza. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, sasa ninapiga randa katika karakana ya seremala, na kuandika kwangu ni kwa polepole, herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Wewe hujui kitu chochote," aliniambia kwa moyo mweupe kabisa, "kwa hiyo wewe ni kipimo kizuri sana." Nilimshukuru.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, na lazima niuseme kwa sababu ndio uliotufikisha tulikofika. Hakuweza kuliacha kosa lipite. Padri alihubiri kwamba nyota zimetundikwa mbinguni; Asistan alimngoja mlangoni mwa kanisa. Fundi wa redio alisema betri imeisha nguvu. Asistan alimfafanulia kwamba nguvu haziishi, zinabadilika. Siku moja Mama alisema tu, akianika mihogo, kwamba anapenda kuamka mapema aone jua linavyotoka ziwani.

"Mama, jua halitoki ziwani," Asistan akasema. "Dunia ndiyo inayozunguka."

Mama ameishi mbele ya ziwa hili tangu azaliwe. Kila asubuhi jua linatoka kule upande wa Kigoma, likiwa limelowa. Alimtazama Asistan, akamtazama yaya, akarudi kwenye mihogo yake. Kwa siku mbili Asistan alipewa sombe, majani ya muhogo, bila hata dagaa mmoja wa ndagala.

Lakini maelezo yake nilianza kuyaelewa, nalo lilinishangaza kuliko mambo yenyewe.

"Chukua mlevi," aliniambia. "Anatoka baa. Kila hatua anarusha sarafu. Upande huu, anakwenda kulia. Upande ule, kushoto. Baada ya muda mrefu utamkuta wapi?"

"Karibu na baa," nikasema. Sikuhitaji fizikia. Kwenye avenyu yetu, mtaani kwetu, wapo.

"Vizuri! Hayo ni matembezi ya kawaida. Sasa ya kwanta: mtembezi wetu hachagui. Kila hatua anakwenda kulia na kushoto pamoja. Njia zote zinatembewa kwa wakati mmoja. Halafu njia hizo zikikutana, zinafanya kama mawimbi ya mitumbwi miwili ziwani. Mahali pengine wimbi linapanda juu ya wimbi, maji yanainuka. Mahali pengine mgongo wa hili unaangukia shimo la lile, maji yanatulia kana kwamba hakuna aliyepita. Katikati, njia zinauana. Mtembezi huyu humkuti karibu na baa. Unamkuta mbali, huku na kule."

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo ilibidi ainame kuisikia, hayo yanahusiana nini na chembe zake za kasi ya mwanga. Akafurahi mpaka akafungua kifungo kimoja cha koti.

"Hapo ndipo penye uzuri! Hiyo chembe yenyewe hatuwezi kuishika na kuiona ikikimbia. Kwa hiyo tunatengeneza kitu kingine tunachoweza kukitawala, tunakipa sheria zilezile za kutembea, tunakiangalia hicho. Na sheria ni rahisi ajabu. Chembe isiyo na uzito haigeuki. Inakwenda moja kwa moja, kama mwanga. Chembe yenye uzito kila hatua inakwenda kasi ileile, lakini inageuka-geuka njiani. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ndiyo maana inachelewa. Uzito wake ndio huko kugeuka."

Nililala nikifikiria jambo hilo. Papa akienda dukani kununua sabuni, anatoka asubuhi na anarudi chakula kikiwa kimepoa. Kila mlango anaitwa: "Ee Papa, unapita bila kutusalimia?" Anageuka. Anasalimia. Anakwenda, anaitwa tena, anarudi. Mimi nikitumwa sabuni hiyohiyo, ninakwenda na kurudi kabla maji ya kufulia hayajajaa kwenye beseni. Hakuna anayeniita. Sina anayenigeuza. Kwa fizikia ya Asistan, katika mji mzima wa Kalemie mimi ndiye mwanga. Sikujua kama nijisifu.

*

Siku ya Mungu ilipofika, Papa alikuwa amealika avenyu nzima. Nia yake haikuwa siri: alitaka mashahidi wa kuanguka kwa Asistan. Walikuja wanakorasi wakiwa bado na sare za kanisani, alikuja mama anayeuza ndagala kwenye kona, alikuja shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, na fimbo yake, na waliosikia kwamba chuo kikuu kitatembezwa kwetu wakaja tu kuona kinavyotembea.

Mimi nilichora mistari kwa majivu, kukata uwanja, kutoka jikoni mpaka chooni. Jikoni ndiyo ilikuwa kulia, choo ndicho kilikuwa kushoto. Katikati kabisa, kwenye mstari wa kuanzia, palikuwa na kiti cha Papa.

"Papa, kiti kingesogezwa kidogo," Asistan alisema.

"Kiti akitembei," Papa akajibu, akakaa. "Wanaotembea njo watu."

Yaya alikuwa amemshauri Asistan vizuri: mpe Papa filimbi. Kwa hiyo Papa ndiye aliyekuwa saa ya dunia ile. Filimbi ikilia, hatua moja. Isipolia, hakuna anayesogea. Papa alilipokea hilo kama haki yake.

Sheria Asistan alizieleza mara mbili, na watu walizishika haraka. Kila mtu alipewa kitambaa, upande mmoja cheupe, upande wa pili chekundu. Tunaanza na mtembezi mmoja mwenye rangi nyeupe. Filimbi ikilia, kila aliye mstarini anamwita mwenzake mmoja kati ya wanaongoja. Mmoja wao anapiga hatua kwenda upande wa jikoni, mwingine upande wa choo. Hiyo ndiyo maana ya kwenda kote pamoja. Mwenzako anarithi rangi yako, isipokuwa kwa jambo moja: kama mwitaji alikuja akielekea choo, yule kati yao anayeendelea tena kuelekea choo anageuza rangi. Na mwisho, sheria ya sheria: wawili wakikutana kwenye mstari mmoja, wakiwa wanaelekea upande mmoja, na rangi zao hazifanani, wote wawili wanatoka uwanjani, kama vile hawakuwahi kuwepo.

"Wote wawili," Asistan alisisitiza. "Si mmoja. Wote wawili."

"Tumesikia," watu wakasema. Na kweli walikuwa wamesikia.

Mtembezi wa kwanza alikuwa kijana wa sauti nene kutoka korasi. Filimbi ikalia. Akamwita mwenzake, wakaachana. Filimbi ikalia tena. Kila kitu kilikwenda sawa, na nikaona yaya anaacha kuuma ukucha. Filimbi ya tatu, mama wa ndagala na shefu wa avenyu wakajikuta kwenye mstari mmoja, wote wanaelekea choo, mama mwekundu, shefu mweupe.

Kwanza wakasalimiana. Haikuwezekana wasisalimiane. Mama akapiga goti kidogo, shefu akauliza habari za mguu wake, mama akaeleza habari za mguu.

"Mutoke wote wawili!" Asistan akaita.

Shefu akageuka taratibu. "Mimi nitoke? Avenyu njo yangu."

"Papa Shefu abakie," mama wa ndagala akasema. "Natoka mimi, inatosha."

"Apana, Mama, lazima wote wawili, ni sheria ya..."

"Mwanangu, nimutoe shefu uwanjani mbele ya watoto? Kesho nitauza ndagala wapi?"

Akatoka yeye. Shefu akabaki, mweupe na mwenye afya. Kuanzia hapo mambo yakaharibika kwa adabu. Mdogo alipokutana na mkubwa, mdogo alitoka na mkubwa akabaki. Walipokutana wawili wa umri mmoja, kila mmoja alimwambia mwenzake, "Baki wewe, baki tu," mpaka filimbi ikalia na wote wawili wakabaki. Tena kulikuwa na jambo ambalo Asistan, mtoto wa mjini, hakuliwaza: Papa ameketi katikati, na kwetu humpi mgongo mkubwa aliyeketi. Waliotakiwa kwenda mbali na kiti walikwenda kinyumenyume, hatua ndogo, nyuso zikimtazama Papa, na kila aliyetupiwa jicho na Papa alirudi mbele kidogo kwa heshima. Msichana mmoja tu wa korasi alifika karibu na choo, kwa sababu alicheza kwa uaminifu. Mama yake alimwita: "Ee weye, unamupa Papa mugongo?" Akarudi mbio.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu walikuwa wamemzunguka Papa kama kuku wanaomwagiwa mahindi. Jikoni hakuna mtu. Chooni hakuna mtu. Kilima kimoja tu, na kileleni mwake Papa, na kofia.

Asistan alisimama na midomo wazi. Chuo chake chote kilikuwa kimesema bonde.

Papa alitazama huku, akatazama kule. Kisha uso wake ukafunguka, jambo ambalo mimi nimeliona mara chache, na nyingi kati ya hizo kulikuwa na nyama.

"Nimeelewa," alisema.

Wanakorasi wakainamisha vichwa wasikie.

"Nimeelewa kabisa! Ka chembe kanatembea, kanatembea, lakini mwishoni vyote vinakuja kwa mwenye kiti. Njo hivyo! Hata mimi nilijua, sikuwa na kompyuta tu." Akasimama. "Bon. Mutoto huyu anajua kazi yake. Nilimuzarau, nimekosea. Sasa, kuhusu binti yangu..."

Shefu alikwisha kuinua mikono apige makofi. Yaya alikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono miwili kifuani. Asistan hakubakiwa na kazi yoyote duniani isipokuwa kufunga mdomo. Mke alikuwa mbali naye kwa urefu wa sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa tayari kinywani mwa Papa. Asistan akakohoa.

"Samahani, Papa. Si hivyo."

"Si hivyo nini?"

"Matokeo ni mabaya. Hii tuliyofanya ni ya mlevi na baa. Katikati hapatakiwi kuwa na watu wengi. Papa amekuwa... Papa ni baa."

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uaminifu au ule ugonjwa wake. Nilimtazama yaya nikitegemea machozi. Alikuwa amefumba macho, na mdomo wake umekaa kama wa mtu aliyekunywa dawa chungu na kukuta kumbe anaipenda.

Papa aliketi tena.

"Mulikosea wapi?" akauliza.

"Watu hawakutoka, Papa. Wakubwa walibaki. Na wote walikuwa wanakuangalia wewe."

"Kwa hiyo kosa njo heshima."

"Katika matembezi haya, Papa, ndiyo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajificha. Papa alivua filimbi shingoni, akampa Mama. "Fanyeni tena. Mimi mwenyewe natembea. Nikiona unanidanganya, ofisi yako njo ile barabara."

Akaacha kofia juu ya kiti. Asistan aliitazama kofia, akaona watu wanavyoitazama, akaomba kwa sauti ndogo iondolewe, kwa kuwa hata hiyo kofia ina uso. Mama akaiokota. Hakukuwa na mahali pa kuiweka, akaivaa.

*

Safari hii waliongozwa na Mama, na Mama alipuliza filimbi kama mtu aliyeisikia miaka yote akingoja zamu yake. Watu waliitwa mmoja mmoja. Yaya aliitwa, akapelekwa upande wa jikoni, kitambaa cheupe. Papa aliitwa na yule kijana wa sauti nene, ambaye alimwita kwa kunyoosha kidole kidogo tu, kama anayeomba ruhusa ya kukojoa. Halafu mtu fulani, sijui nani, pengine kwa kuwa hapakuwa na mwingine karibu, akaniita mimi. Nikapewa kitambaa. Kilikuwa upande wa nyekundu.

Papa alitembea mikono nyuma, kama anayekagua mabehewa. Filimbi ikalia. Nikapiga hatua yangu. Papa akapiga ya kwake. Nilipoinua macho tulikuwa mstari mmoja, bega kwa bega, wote tunaelekea choo. Yeye mweupe. Mimi mwekundu.

Nimeishi nyumba moja na Papa maisha yangu yote na sidhani kama tumewahi kusimama karibu vile bila meza katikati. Uwanja wote ulikuwa unatutazama. Asistan, ambaye alikuwa na neno la kumrekebisha padri, fundi na jua, safari hii aliinama kufunga kamba za kiatu. Kumbe hata ugonjwa wake ulikuwa na mipaka yake.

"Unasemaje?" Papa akaniuliza.

Sijawahi kusema sentensi nzima mbele ya watu zaidi ya wale tunaokula nao. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama randa isiyonolewa. Nilimwona yaya kule jikoni, anakikunja kitambaa na kukikunjua. Nikajua kwamba Papa akibaki, shefu atabaki, na shefu akibaki wote watabaki, na yaya ataendelea kusonga bukari kwa hasira mpaka uzee.

"Papa," nikasema, "tutoke."

"Nani?"

"Wewe na mimi."

"Toka weye."

"Mmoja akitoka peke yake inakuwa kama ile ya kwanza. Lazima tutoke pamoja, Papa."

Mkono wake ukapanda shingoni kutafuta filimbi. Filimbi haikuwepo. Ilikuwa kwa Mama, chini ya kofia ya stesheni, na Mama, bila kungoja saa ya mtu yeyote, akaipuliza. Akaipuliza kwa muda mrefu, hadi mbwa wa jirani akajibu.

Papa akatoka. Mimi nikatoka nyuma yake. Tulikwenda kusimama karibu na ua, wawili, kama watu waliokosa boti.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu. Papa ametolewa na mwanawe kwenye parsele yake mwenyewe, nani tena angekataa? Shefu alikutana na mtoto wa korasi asiye na meno ya mbele, wakatazamana, wakatoka wakiwa wameshikana mikono. Mama wa ndagala alimtoa mama mkwe wake, na nadhani alilifurahia hilo kuliko fizikia yote. Walitembea bila kusalimiana, na uwanja ulikuwa na ukimya wa ajabu, kama mahali pasipo na watu wanaojuana. Filimbi ya mwisho ilipolia, kilima kikubwa kilikuwa upande wa jikoni, kingine kidogo upande wa choo. Katikati kulikuwa na majivu tu, na kiti kitupu.

Asistan alitazama huku na kule. Kisha akavua koti. Chini ya koti shati lilikuwa limelowa na kuganda mgongoni kama karatasi ukutani. Alilitupa koti juu ya kamba ya nguo za Mama na hakulikumbuka tena mpaka jioni.

Papa alikuwa anakitazama kiti chake.

"Na sisi wawili tuko wapi?" akamuuliza Asistan.

"Hamuko, Papa."

"Atuko."

"Ndiyo, Papa. Njia zenu zimeuana."

"Mimi. Ndani ya parsele yangu."

"Ndiyo, Papa."

Papa akafikiri. Niliona shavu lake likicheza, na sikujua kama ni hasira au nini, maana kwa mtu aliyefundishwa uso na stesheni vyote vinafanana.

"Bon," alisema mwishowe. "Kama siko, siwezi kujibu mambo ya binti. Nenda muulize aliyebakia."

Asistan akavuka mistari yote ya majivu akiiharibu, akaenda mpaka jikoni, mbele ya yaya. Akatafuta kifungo cha koti, koti halikuwepo. Yaya alimngojesha kidogo, ili naye aonje kungoja.

"Jua linatoka wapi?" akamuuliza.

Wote tukageuka kutazama ziwa. Ndani ya Asistan dunia nzima ilikuwa inazunguka ikitaka kutoka nje.

"Ukisimama hapa Kalemie," alisema polepole, "kwa macho ya mtu aliye hapa... linatoka ziwani."

"Inatosha," yaya akasema, akacheka, na Mama akapiga filimbi ya chakula. Siku hiyo Asistan alipewa ndagala mpaka sahani ikainama.

*

Kesho yake nilikwenda karakana kama kawaida, njia yangu ya kawaida, macho chini. Sikufika kwenye kona.

"Ee, weye! Weye uliyemutoa baba yako!" Alikuwa ni mama wa ndagala. "Unapita bila kunisalimia?"

Nikageuka. Nikasalimia. Nikauliza habari za mguu wake, akanieleza yote. Nikapiga hatua chache, fundi wa redio akaniita. Alitaka nimwoneshe Papa alivyotafuta filimbi shingoni. Nikamwonesha. Nikaendelea mbele, wanakorasi wawili wakanirudisha mpaka dukani ili nirudie mbele ya mwenye duka neno lile, "tutoke", kwa sauti ileile. Shefu aliniita pia, akanitazama tu kutoka juu mpaka chini, na hilo nalo lilichukua muda.

Nilipofika karakana jua lilikuwa limeshaacha ziwa kitambo. Bwana seremala alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Umechelewa," alisema. "Weye aukuwa unachelewa. Iko nini njiani?"

Nilitaka kumweleza habari ya chembe yenye uzito. Nikaona kungekuwa na maelezo mengi. Nyuma yangu mtu mwingine barabarani alikuwa tayari ananiita.